Kati ya Mistari Miwili Iliyonyooka

Mkono wa Papa Thaddée ulianguka upande wa Déogratias, na hata huo mkono waliugombania. Naapa. Mzee amekaa chini kwenye mihogo, amekishika kigutu chake, damu inaruka mpaka usoni mwake, na wanaume wazima wenye ndevu wanabishana kama mkono umelala kwetu au umelala kwao. Venant aliponisimulia nilidhani anatania. Nikalitazama shati lake, nikaona hatanii.

Alinifuata shuleni, hapa Kasenga, mchana, wanafunzi wangu wakiwa bado wanapiga mahesabu ubaoni. Venant ni mdogo wangu, tumbo moja, mtu wa maneno machache na mabega mapana, na siku hiyo alikuwa ameshuka kwa pikipiki kutoka kilimani kwetu, juu ya Lemera, bila hata kunawa. Papa Thaddée ni mdogo wa baba yetu. Déogratias aliyemkata ni shemeji yetu, bwana wa dada yetu mkubwa Georgette. Shamba lao na shamba letu yanapakana. Ndiyo, mmesikia vizuri, shemeji. Watu wa mbali wanafikiri siye huku tunauawa na wageni tu.

"Minye nitamuua Deo," Venant akasema. "Nimekuja kukuaga, Yaya." Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Kuniaga unaenda wapi?"

"Sijue. Gerezani, kaburini, popote. Kule beko na bunduki."

Hiyo bunduki waliyo nayo kule niliijua. Ni ya Fiston, mdogo wake Deo, aliyeingia msituni na vijana wenye silaha, halafu akarudi nyumbani nayo begani kama mtu aliyerudi na jembe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Venant ana panga. Panga na bunduki, hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaimaliza. Akimgusa Deo, Fiston atamlaza, na mama yetu alituachia huyo kijana mmoja tu wa kiume. Nikamshika ukosi mbele ya wanafunzi wangu wote, sikujali.

"Weye hufi," nikamwambia. "Umesikia? Hufi kwa ajili ya mihogo."

"Si mihogo, Yaya. Banasema kamba yetu inadanganya."

Ngoja nieleze huo mpaka, na mtu asinikatize, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Babu yetu na babu yake Deo waligawana kilima mbele ya chifu: kutoka mti wa mvumu ulioko upande mmoja wa kilima mpaka jiwe jeupe lililoko upande wa pili, mstari ulionyooka. Ndivyo walivyosema, ulionyooka, na kila mzee wa pande zote mbili anayajua maneno hayo kama anavyojua Baba Yetu. Halafu wakapanda miyenzi, ile mimea yenye utomvu mweupe tunayofanyia uzio, wakaenda kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Na uzio wenyewe haukunyooka hata siku moja. Ulipinda huku, ukapinda kule, ukakwepa shimo, ukakwepa kichuguu, mtu akiona umemlia kidogo mwaka huu anausogeza kidogo mwaka ujao, na ndiyo maana tulikuwa hai.

Ikaja vita. Watu wenye silaha wakakaa juu ya kilima, wakachimba mahandaki, wakakata miyenzi yote wakayafunika. Siye tukakimbilia Uvira, na watu wa Deo wakakimbilia Uvira, tukalala katika kanisa moja, tukapika katika chungu kimoja. Kurudi, kilima kiko uchi. Kumebaki mvumu, jiwe, na lile neno la mababu.

Watu wetu wakafanya kama desturi. Walifunga kamba kwenye mvumu, wakaizungusha kilimani mpaka kwenye jiwe, wanaume wakaivuta kwa nguvu zote mpaka ikakataa kuvutika zaidi. Ikajitafutia mahali, ikatulia, wakachoma vijiti. Deo hakuridhika. Akaleta mpima ardhi kutoka mjini, siye tunamwita jeometre, kijana anaitwa Jean-Berchmans, akaja na jaloni zake, zile fimbo ndefu zilizopakwa nyekundu na nyeupe, zenye ncha ya chuma. Akafunga jicho moja, akazipanga kupita juu kabisa ya kilima, moja nyuma ya nyingine, mpaka ya mbele ikazificha zote. Mstari wa kamba ulitoka kwenye mvumu ukafika kwenye jiwe. Mstari wa jaloni ulitoka kwenye mvumu ukafika kwenye jiwe. Lakini katikati ya safari, mistari hiyo miwili iliachana kiasi kwamba ungejenga hapo nyumba, ukaweka na jiko, ukabakiza uwanja wa watoto.

Kipande hicho kina umbo la mtumbwi ukiuangalia kutoka juu, kimechongoka huku na huku, kipana katikati, na kimekaa kwenye udongo mweusi ulio bora kuliko wote kilimani. Kamba ilikiweka kwetu. Jaloni zilikiweka kwa Deo. Papa Thaddée aliingia kung'oa jaloni moja, Deo akamkuta ameishika, na mkono ukaenda.

Georgette alinipigia simu jioni hiyo hiyo. Sauti yake ilikuwa nzito, inatoka upande mmoja wa mdomo. "Blandine, panda huku. Bote bamekubali weye ndiye uamue. Banasema hesabu haina shemeji."

Nikamgeukia Venant. "Utaningoja niamue?"

"Yaya, weye haujawahi kunidanganya. Ukiniambia kamba yetu ilikosea, nitaacha, nitamsamehe hata Deo, mbele ya Mungu. Lakini kama iko kweli, siachi. Bapige risasi, siachi."

Mnaona mtego huo? Alikuwa tayari kuachia shamba, alikuwa tayari kuachia mkono wa baba yake mdogo. Kitu kimoja tu hakuwa tayari kukiachia, kweli yake. Wakati huo sikuuona. Nilifurahi, nikasema asante Mungu, kazi imekuwa rahisi.

Nilifika kilimani Jumamosi asubuhi, nikaanza kutembea na yule kijana Jean-Berchmans. Mwembamba, miwani, viatu vimejaa tope, heshima nyingi. Kila neno "Mwalimu, samahani", "Mwalimu, ukiruhusu". Tulizifuata jaloni zake kwa jicho, nikazichunguza moja moja nikitafuta kosa. Nilitaka sana kupata kosa. Hakuna. Tukafunga kamba upya, tukaomba wanaume wa pande zote mbili waivute, siye tukaikagua njia nzima kama kuna mti au jiwe lililoizuia. Hakuna. Ikatulia palepale kwenye vijiti vya watu wetu.

Tukakaa chini kwenye majani, tukatazamana, na nitasema kweli, tukacheka. Kwa sababu ilikuwa nzuri. Watu walikuwa wamekatana hapo, udongo bado una madoa, na siye wawili tunacheka kama wajinga.

"Zote mbili," akasema.

"Zote mbili," nikasema.

Unyoofu ni nini? Hebu nijibu. Utasema ni njia fupi kuliko zote, ndiyo unavuta kamba, kwa sababu kamba ikikazwa haina njia nyingine ila ile fupi. Au utasema ni kile ambacho jicho halioni kikikwepa, ndiyo unapanga fimbo. Mezani kwako vitu hivi viwili ni kitu kimoja. Ubaoni kwangu ni kitu kimoja. Kila mwaka ninawaandikia wanafunzi kwamba kati ya nukta mbili hupita mstari mmoja tu ulionyooka, na kwamba mistari miwili iliyonyooka haiwezi kufunga uwanja katikati yake, na wanaandika, hakuna anayebisha. Lakini ubao ni bapa. Kilima kina mgongo. Jicho linapita juu ya mgongo, kamba inateleza kwenda ubavuni kwa sababu ubavuni ni karibu zaidi, na kila mmoja amenyooka kwa sheria yake. Hata ziwa, mnalodhani limelala bapa, simameni bandarini Kalundu mtazame ng'ambo siku isiyo na ukungu: hamtaona sehemu ya chini ya nyumba zilizo ufukweni kule, maji yamevimba yamezificha. Nimefundisha hayo, kwamba kuna jiometri nyingine, kwamba kuna mahali pembe za pembetatu hujumlishwa zikapita mia na themanini, na wanafunzi walicheka, na mzazi mmoja alikuja kuniuliza kama nimejiunga na dini mpya.

Basi kweli iko wapi? Kweli ya hesabu haikuanguka kutoka mbinguni. Inaanza na watu kukubaliana neno la kwanza. Ukishalikubali, mengine yote yanafuata, moja baada ya jingine, na hayana huruma. Mababu zetu walikubaliana mvumu, wakakubaliana jiwe, wakasahau kukubaliana "ulionyooka" maana yake nini. Uzio uliopinda uliwafichia.

Nilijaribu njia ya akili kwanza. Nikamwita Venant, nikamwita Deo, nikawasimamisha kila mmoja upande wake, kipande cha ugomvi katikati. Nikasema, tupande miyenzi tena, ipite katikati ya mistari yote miwili, ipinde inavyotaka, kila mtu apate nusu.

"Kwa nini nipewe nusu ya kitu changu?" Deo akauliza. Hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala tangu siku ya mkono. Nilimjua huyu mtu tangu alipokuja kumposa Georgette, alikuwa hawezi kuchinja hata kuku.

"Nusu ni ya mwizi," Venant akasema.

Hilo tu ndilo waliloafikiana.

Nikaenda jikoni kwa Georgette. Alikuwa anasonga ugali kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka shavuni. Jino la mbele halipo. Nikauliza nani. Akasema Deo alimpiga ngumi alipomsihi aondoe jaloni. Halafu akanionyesha bega, na bega lilikuwa limechanika, hilo lilikuwa jiwe la Félicien, mtoto wa Papa Thaddée, aliyemtupia akimwita mke wa muuaji.

"Yaya Georgette, nikisema jaloni ndizo zilizokosea, Deo atakubali?"

"Deo atakubali. Amechoka. Analia peke yake, anafikiri sisikii." Akafunika chungu. "Fiston ndiye hatakubali. Fiston amesema akinyang'anywa hicho kipande atafyatua mpaka risasi ziishe."

"Na nikisema zote mbili ni kweli?"

Aliniangalia kana kwamba nimetukana. "Blandine, usibaletee bantu bale kweli mbili. Kila mumoja atachukua ya kwake, aue nayo. Sema mumoja amekosea. Yeyote. Tumalize."

Dada yangu aliacha shule mapema, akaolewa, hajasoma jiometri yoyote. Lakini aliijua nyumba yake. Nikahesabu kama alivyohesabu yeye: upande wa Deo kuna bunduki isiyokubali kushindwa, upande wetu kuna Venant ambaye ameniahidi. Anayeweza kukosea na kubaki hai ni mmoja tu. Kamba.

Nikamtafuta Jean-Berchmans. Alikuwa anafuta ncha za jaloni kwa kitambaa. "Kesho nitasema kamba imekosea," nikamwambia. "Weye kaa kimya."

"Lakini haijakosea, Mwalimu."

"Ninajua kuliko weye."

"Basi itakuwaje..."

"Itakuwa hivi: ndugu yangu atalala kwake. Kaa kimya tu, kijana. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Aliangalia viatu vyake. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ya mwanafunzi aliyepewa jibu bila njia.

Jumapili baada ya ibada watu walipanda kilimani, watu wetu upande wetu, watu wa Deo upande wao, na kipande kile katikati hakuna aliyekanyaga. Mapanga yalikuwepo. Kila mtu alisema amekuja na panga kwa sababu atapitia shambani. Fiston alikaa juu ya ukingo wa handaki la zamani, bunduki mapajani, anakula muwa. Papa Thaddée walimleta kwa machela kutoka hospitali, alikataa kubaki kitandani, kigutu kimefungwa bandeji nyeupe na homa inamchoma. Pasta Frédéric alisimama na Biblia yake kubwa.

"Mwalimu, uape," Pasta akasema. "Kweli iko moja."

Niliweka mkono juu ya Biblia, nikaapa. Ningeapa tena leo hii. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika nyuma, kwamba nimepima, kwamba kamba iliteleza ubavuni mwa kilima, haikupita juu, kwa hiyo haikunyooka, na mpaka ni jaloni.

Halafu Papa Thaddée akatema mate. "Umeuza mukono wangu," akasema. "Umekula na dada yako, umeuza mukono wangu."

Félicien alinifikia kabla sijageuka. Alinipiga na mpini wa jembe mdomoni, nikaanguka, akanipiga mgongoni, akanipiga tena, anasema msaliti, msaliti, na damu ilinijaa kinywa nikashindwa hata kulia. Nilimsikia Fiston akicheka. Kisha kipigo kikakoma, kwa sababu Venant alikuwa amemnyanyua Félicien kwa shingo na kumtupa kwenye mihogo.

"Yaya amesema," Venant akatangaza. "Kamba ilikosea. Minye nimekubali." Akachukua panga lake, akalichoma ardhini upande wetu, akaliacha hapo. Akamtazama Deo ng'ambo ya kipande. "Shemeji, nimekubali."

Deo alifunika uso kwa mikono yote miwili. Georgette akapiga magoti palepale. Na Venant akaanza kuteremka kilima, mikono mitupu, mabega yake mapana yanashuka kwenye njia, na minye chini pale, meno yanacheza kinywani, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata. Amepona! Nilidanganya mbele ya Mungu na ndugu yangu amepona. Furaha kabisa, nasema wazi.

"Simama!" Ilikuwa sauti ya Papa Thaddée. Hakumwambia Venant. Alikuwa amejiinua kwenye machela, anamwonyesha Jean-Berchmans kwa mkono uliobaki. "Weye mutoto wa jaloni. Njoo hapa. Pasta, mupe Biblia naye aape."

"Haina haja," nikasema, lakini mdomo wangu ulikuwa umepasuka, neno likatoka kama mapovu.

Walimsukuma mpaka mbele. Miwani yake ilikuwa imepata ukungu wa jasho. Pasta akamwekea mkono juu ya kitabu. Mzee akamuuliza, polepole, neno kwa neno: "Mbele ya Mungu. Kamba yetu ilidanganya?"

Nilimtazama. Nilimtazama kwa macho yangu yote. Alinitazama, akatazama Biblia, akatazama jaloni zake zilizosimama pale juu zikiwa safi, moja nyuma ya nyingine.

"Jaloni zimenyooka," akasema.

"Sikuuliza jaloni."

"Mwalimu, samahani," akasema. "Kamba nayo ilinyooka. Kamba haina kosa."

Hata alianza kueleza. Mungu wangu, alianza kueleza, mgongo wa kilima, njia fupi, jicho, na mikono yake inachora hewani, lakini hakuna aliyesikia zaidi ya neno lile la kwanza. Watu wetu walinguruma. Watu wa Deo walisikia jaloni zimenyooka, watu wetu walisikia kamba haina kosa, na kila mmoja alikuwa amepewa haki yake kwa kiapo.

Venant alikuwa amesimama njiani, amegeuka. "Yaya?" akaita.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Venant, shuka, nenda!"

Aliuona uso wangu. Kwa umbali ule wote aliuona. Mtu uliyembeba mgongoni akiwa mtoto huwezi kumficha uso. Akaanza kupanda, hakukimbia, alipanda kama mtu anayerudi kuchukua kitu alichosahau. Alipita karibu na panga lake, hakulichukua. Akaingia kwenye kile kipande, akashika jaloni ya kwanza, akaing'oa, akaitupa. Akashika ya pili.

Deo alimkimbilia na mikono mitupu. "Shemeji, acha! Acha, Fiston atakupiga!" Akamkumbatia kwa nyuma, anamvuta, na hiyo ndiyo kweli ya Mungu, alikuwa anamvuta atoke. Lakini Félicien kutoka kwenye mihogo aliona tu kwamba Deo amemshika Venant. Alikuja na panga akamkata Deo kati ya bega na shingo, sauti yake kama unapasua kuni mbichi, na Deo akaachia. Venant akageuka kuona kimetokea nini, jaloni mikononi, ncha ya chuma imeelekea juu, na Fiston aliona tu kwamba kaka yake ameanguka na Venant amesimama juu yake na chuma.

Akafyatua. Venant alikaa chini. Alikaa vizuri, kama anapumzika, akaangalia tumbo lake. Fiston akafyatua tena, watu wakalala, wengine wakakimbia wakikanyagana, Félicien alipotelea migombani, na mtu mmoja alikuwa analia mama, mama, sijui alikuwa wa upande gani. Risasi zilipokwisha Fiston alitupa bunduki chini, akakimbilia msituni.

Nilitambaa mpaka kwa Venant. Alikuwa bado anaona. "Ilinyooka," akaniambia. Si swali. Nikasema ndiyo, ilinyooka, mdogo wangu, ilinyooka kabisa. Akatikisa kichwa kidogo, akafa. Georgette alikuwa ameshafika, hakujua ashike nani. Mume wake anakoroma kwa damu, ndugu yake amekwisha kulala. Alikaa katikati, mkono mmoja juu ya kifua hiki, mkono mmoja juu ya kifua kile, kinywa wazi.

Nikaitoa jaloni mikononi mwa Venant. Nikasimama. Jean-Berchmans alikuwa bado palepale mbele ya Biblia, hakukimbia, mikono yake bado hewani. Nilimpiga kwa ile fimbo usoni, miwani ikapasuka. Nilimpiga kichwani, akaanguka. Nilimpiga mgongoni, mbavuni, kwenye ile mikono ya kuchora hewani, nikasikia kitu kinavunjika. Hakujitetea. Nikaigeuza fimbo, ncha ya chuma ikatazama chini, nikaiinua kwa mikono miwili. Watu walinikamata. Mikono ya watu wetu na mikono ya watu wa Deo, wote pamoja, walionishika kiunoni, walionishika nywele, Pasta amening'inia begani mwangu anaomba, na Papa Thaddée kwenye machela anasema mwachieni, mwachieni amalize.

Kijana alijigeuza, akalala chali. Jicho moja limeziba, damu imejaa masikioni. Alinitafuta kwa jicho lililobaki. Hakuuliza kwa nini ninampiga. Aliniuliza kama wanavyoniuliza wanafunzi wangu wazuri, wale wanaobaki darasani wengine wakienda kucheza, wakiwa na uhakika kwamba mahali fulani kuna mstari waliouruka.

"Mwalimu," akasema, "nimekosea wapi?"

Nilitafuta. Nikiwa nimeshikwa vile, nikitema damu, nilirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwa jibu lake mpaka kwenye mvumu, nikitafuta kosa moja, hata dogo. Hakuna. Nikavuta tena mikono yangu ili nimfikie.